Mizizi imejaza maji ya samaki: ikatwe wapi, na ikatwe kiasi gani?

Msomaji wa Arusha ameandika hivi: "Nina paludariamu nyumbani, yaani tangi la kioo ambalo sehemu yake ni maji na sehemu ni nchi kavu yenye mimea. Lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50, na maji yana kina cha sentimita 25. Ndani mna gapi, samaki wadogo wa mapambo, wapatao ishirini. Juu nimepanda pothosi (mmea wa kutambaa), Spathiphyllum (mmea wa ua jeupe), mkuyu mdogo unaotambaa ukutani, na mmea mmoja wa jamii ya mafunjo wenye majani kama mwavuli. Baada ya mwaka na miezi miwili mizizi imejaza karibu nusu ya maji, pampu inaziba kila wiki, na mwezi uliopita nilikuta gapi wawili wamekufa ndani ya fungu la mizizi. Kila mwisho wa wiki nakata ncha za mizizi, lakini inazidi kuwa mingi. Majani mapya ya pothosi yamepauka, na nikipima nitreti napata sifuri. Je, niikate yote mara moja nianze upya? Na vipande ninavyokata, naweza kuvitupa mtoni?"

Ndugu msomaji, usiikate yote mara moja. Mizizi hiyo inayokukera ndiyo inayofanya sasa sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha maji ya samaki wako, na ukiiondoa kwa siku moja utakuwa umeondoa chujio lenyewe. Niliwahi kufanya hivyo katika tangi langu, nikiamini kwamba samaki wangefurahia maji yenye nafasi. Asubuhi ya siku ya tatu niliwakuta wamekusanyika juu ya maji wakihema, na nililazimika kubadilisha sehemu ya maji kila siku kwa wiki nzima kabla hali haijatulia.

Tuanze na ile sifuri ya nitreti, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengi. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Bakteria wanaoishi juu ya mawe, ndani ya sifongo la pampu na juu ya ngozi ya mizizi yenyewe huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitreti, na mimea huzifyonza nitreti pamoja na amonia ambayo haijageuzwa. Mimea yako ina majani yaliyo hewani, ambako kabonidioksidi haikosekani na mwanga haupungui kwa kupita majini, kwa hiyo hukua haraka kuliko mmea uliozama, na kila jani jipya hudai nitrojeni kutoka chini. Gapi ishirini hawawezi kulisha mimea minne ya ukubwa huo. Mmea unaokosa nitrojeni huelekeza chakula chake zaidi kwenye mizizi kuliko kwenye majani, ili mizizi irefuke na kutafuta mbali zaidi. Ndiyo maana unaona mizizi ikiongezeka ilhali majani hayaongezeki kwa kasi ileile. Wafugaji wengi huiona mizizi mirefu na kudhani mmea umeshiba. Katika tangi lako, kwa maelezo uliyotoa, mmea una njaa.

Kupauka kwa majani mapya kunaongeza jambo jingine. Nitrojeni ikipungua, mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye majani machanga, kwa hiyo ya zamani ndiyo hutangulia kuwa ya njano. Yanapopauka machanga, hasa ikiwa mishipa yake imebaki ya kijani, kinachokosekana mara nyingi ni madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha kwa urahisi namna hiyo. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo chuma huganda na kuzama bila mizizi kukipata. Pima pH ya maji yako, yaani kiwango cha uasidi au umagadi wake, kabla ya kununua dawa yoyote, na uandike namba utakayoipata, kwa kuwa itatuhusu tena tukifika kwenye amonia.

Sasa niseme kuhusu mkasi wako wa kila mwisho wa wiki, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Ncha ya mzizi hutawala urefu wake wote na kuzuia vijizizi vya pembeni visitoke kwa wingi. Ukiikata ncha, kizuizi hicho huondoka, na nyuma ya jeraha huchipuka vijizizi vingi kwa pamoja, kama vile mche wa chai unavyotanuka baada ya mkulima kukata kilele chake. Kwa muda wote huo ulikuwa ukiitanua mizizi. Mzizi unaotakiwa kupunguzwa hukatwa kwenye asili yake, pale unapotokea kwenye shina au kwenye fundo la mizizi, na kutolewa wote hadi ncha. Mizizi mitano iliyotolewa mizima hupunguza msongamano kuliko mizizi hamsini iliyofupishwa.

Kwa pothosi kuna nafasi nzuri zaidi ambayo watu huipuuza. Pothosi na ndugu zake wanaotambaa hutoa mizizi ya hewani ya aina mbili: ile mifupi inayoshika ukuta au gogo, na ile mirefu inayoning'inia ikielekea chini kutafuta maji. Mifupi haina madhara. Ile mirefu, ikiwa bado iko hewani, huwa ni uzi mmoja usio na tawi. Siku chache baada ya kugusa maji hugeuka kuwa ufagio. Zoea kukagua tangi mara moja kwa wiki na kukata kwenye kifundo kila mzizi mrefu unaokaribia uso wa maji, isipokuwa ile michache uliyoichagua ibaki kwa ajili ya kusafisha maji. Kazi hiyo ni ya dakika mbili tu, na haivurugi maji hata kidogo.

Kwa mizizi ambayo tayari imo majini, nakushauri uipunguze kwa awamu tatu, kila awamu isizidi theluthi moja ya fungu lote, na kati ya awamu moja na nyingine upite muda wa wiki mbili hadi tatu. Tangi lako, kwa vipimo ulivyotoa, lina lita 150 za maji kabla ya kutoa nafasi ya mawe na udongo, kwa hiyo huenda maji halisi ni lita 110 au 120. Kiasi hicho si kikubwa kiasi cha kuvumilia mshtuko.

Siku ya kukata, chomoa kwanza pampu, taa na kipasha joto kutoka kwenye umeme kabla hujaingiza mkono majini. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Nyonya kwa mpira karibu theluthi moja ya maji ili mizizi ining'inie na uione vizuri. Ipitie taratibu kwa vidole kama mtu anayefumua nywele zilizosokotana, kwanza ili kuhakikisha hakuna samaki au kifaranga aliyejificha humo, kisha ili kutambua mzizi upi ni wa mmea upi. Usiongozwe na rangi peke yake, kwa kuwa mizizi ya pothosi iliyokomaa huwa ya kahawia ingawa ni mizima. Ibinye: mzizi mzima ni mgumu kidogo na hurudi ulivyokuwa, ilhali mzizi uliooza ni laini, ngozi yake huambuka na kubakiza uzi mwembamba katikati, na mara nyingi hunuka kama yai viza. Anza na iliyooza yote, bila kujali theluthi, kwa sababu hiyo haisafishi chochote tena na inakula oksijeni ya samaki. Baada ya hapo ondoa ile inayoelekea kwenye pampu, kisha ile iliyoshikamana na kioo na kuzuia maji yasizunguke.

Tumia mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti na kukaushwa kabisa. Pothosi na Spathiphyllum zina fuwele ndogo za oksaleti ya kalisi zinazowasha ngozi na mdomo, na mkuyu mtambaazi hutoa utomvu mweupe. Kwa hiyo, pale inapowezekana, inua mmea nje ya tangi, kata ukiwa juu ya beseni, na suuza majeraha kwa maji safi kabla ya kuurudisha. Mizizi iliyozama ndani ya changarawe usiivute. Ukiivuta utainua takataka zote zilizotulia chini pamoja na gesi zilizofungwa humo, na samaki watazipokea kwa mkupuo. Ikate usawa wa changarawe, kisha nyonya taka kuzunguka eneo hilo kidogo kidogo katika wiki zinazofuata, maana kipande kilichobaki kitaoza taratibu.

Maji unayorudisha yawe na joto linalokaribiana na yale yaliyomo na yasiwe na klorini. Ikiwa mamlaka ya maji ya eneo lako hutumia klorini ya kawaida, maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo kwa siku moja au mbili hutosha. Ikiwa hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo haitoki kwa kukaa, na utahitaji dawa ya kuiondoa. Kwa siku saba baada ya kukata, wape samaki nusu ya chakula cha kawaida na pima amonia kila siku. Hapa ndipo ile namba ya pH inaporudi. Amonia ndani ya maji huwa katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo zaidi, na pH ndiyo huamua uwiano wake. Katika nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8 inapanda hadi kama asilimia 5. Katika pH 9 inafika zaidi ya theluthi moja. Kipimo kilekile ambacho mfugaji mwenye maji ya pH 7 angekisoma bila wasiwasi kinaweza kuwa hatari kwako. Ikiwa pH yako iko juu ya 8 na amonia inasomeka kwa namna yoyote, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo.

Kuhusu wale gapi wawili, siamini kwamba mizizi iliwanasa. Gapi mzima hupenya kwenye mizizi bila shida, na vifaranga vyake huishi humo kwa usalama kuliko mahali pengine popote tangini. Samaki dhaifu ndiye hujificha mahali penye giza hadi kufa. Hata hivyo kuna namna ambavyo fungu zito la mizizi huwadhoofisha: usiku mimea haitengenezi oksijeni, lakini mizizi, bakteria na taka zilizonaswa humo huendelea kuitumia, na pampu iliyoziba haizungushi maji. Maji ya nyuzi joto 25 yaliyojaa oksijeni huwa na takriban miligramu 8 tu kwa lita, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kiasi hicho kinavyopungua. Amka siku moja kabla taa hazijawashwa uwatazame. Wakiwa juu ya maji wakihema alfajiri na kutulia kufikia mchana, tatizo ni oksijeni, na unapaswa kuongeza pampu ndogo ya hewa leo, kabla hata ya kugusa mkasi.

Pampu ya maji nayo ihamishwe. Iweke kwenye kona ya mbali kabisa na mimea, ndani ya kijumba cha plastiki chenye matundu, na mdomo wake uvikwe sifongo nene lenye vitundu vikubwa. Mizizi hupenda kufuata mahali maji yanapopita, kwa kuwa huko ndiko oksijeni na chakula vinakofika bila kukoma, kwa hiyo pampu iliyowekwa chini ya pothosi itazibwa tu, hata uisafishe mara ngapi. Suuza sifongo hilo ndani ya maji uliyoyatoa tangini, wala si chini ya bomba, ili klorini isiue bakteria.

Yote niliyoyasema hadi sasa ni ya kutuliza hali. Dawa ya kudumu ni kupunguza mimea na kuipa kila mmoja mahali pake. Ule wa jamii ya mafunjo, ambao bila shaka ni Cyperus alternifolius au ndugu yake wa karibu, nakushauri uutoe kabisa. Ni mmea mzuri sana, wa asili ya bara letu na Madagaska, lakini shina lake la mlalo hunenepa bila kuchoka na mizizi yake hujisokota kuwa kitu kama mkeka. Ikipata upenyo kati ya kioo na povu gumu la ukuta wa nyuma, inaweza kulibandua povu hilo. Upande kwenye ndoo yenye maji barazani, nao utakushukuru. Spathiphyllum ibaki, ila iwe ndani ya kikapu chake. Pothosi upunguze hadi mashina mawili. Mkuyu mtambaazi hauna shida majini, kwa kuwa mizizi yake mingi ni ya kushikia. Unachotakiwa ni kuukata majani kabla haujafunika taa.

Kikapu ninachokisema ni chungu chepesi cha plastiki chenye matundu, kilichojazwa vigae vilivyovunjwavunjwa na kuoshwa au kokoto za udongo uliochomwa, na kuwekwa juu ya jiwe ili theluthi yake ya chini tu iguse maji. Mizizi mingi itabaki humo ndani. Inayochungulia kwenye matundu utaikata kila mwezi kwa kuinua kikapu, bila kuvuruga tangi. Nimejaribu njia nyingi, na hii ndiyo pekee ambayo bado naitumia katika matangi yangu yote.

Kwenye vitalu vya miti mkulima huinua miche juu ya chanja ili ncha za mizizi zinazotokeza chini zikaukie hewani, na huenda utashauriwa ufanye hivyo. Ndani ya paludariamu njia hiyo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu hewa iliyofungwa imejaa unyevu na mzizi huendelea kukua humo kana kwamba uko majini. Wengine watakuambia upake vyungu dawa yenye shaba, ambayo kweli huzuia ncha za mizizi kwenye vitalu. Usithubutu kufanya hivyo penye samaki, konokono au kamba wadogo, kwa kuwa shaba huwaua.

Onyo jingine la namna hiyo ni kuhusu wavu wa kutenganisha udongo na maji. Vyandarua vya mbu vinavyogawiwa majumbani vimetiwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, na dawa hizo ni sumu kali mno kwa samaki, hata zikiwa kidogo sana na hata baada ya chandarua kuchakaa na kufuliwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuangamiza tangi zima. Tumia wavu wa plastiki ambao haujawahi kuguswa na dawa. Epuka pia waya uliopakwa zinki. Funga kwa uzi wa kuvulia samaki.

Ukishapunguza mimea, angalia mwanga na chakula. Saa nane za taa kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo unaharakisha majani, na majani ndiyo yanayoidai mizizi. Ukikata mizizi siku hiyo, kata pia majani ya zamani kwa kiasi kinacholingana, kwa sababu mzizi uliopunguzwa hauwezi kunywesha kichwa kilekile, na mmea usiponyauka utakimbilia kuotesha mizizi mingine. Madini ya chuma yatie kwa mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki, ukianza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Mbolea za shambani kama urea, DAP na CAN zisikaribie tangi kabisa, maana zote hugeuka kuwa amonia majini au zinaingia zikiwa nayo tayari. Na usiongeze samaki ili kulisha mimea. Utakuwa umehamisha mzigo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Pengo litakalobaki unaweza kulijaza kwa mimea isiyo na tamaa. Kwenye ukingo wa maji funga Anubias juu ya jiwe, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati unaokua polepole sana, na shina lake la mlalo lisifukiwe kwenye changarawe, kwani litaoza. Juu zaidi, mahali pakavu kidogo penye kivuli, napenda sana Saintpaulia, ua la zambarau ambalo asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, likiwemo lile la milima ya Usambara lililosambaa duniani kote tangu miaka ya 1890. Porini huota kwenye nyufa za miamba zenye udongo kiduchu, na mizizi yake mifupi haina haja ya kushuka majini. Linunue kwenye bustani za maua, usiling'oe msituni, kwa sababu baadhi ya aina zake zimebaki mahali pachache mno.

Na hapana, vipande usivitupe mtoni wala mferejini. Kifundo kimoja cha pothosi chenye mzizi kinatosha kuanzisha mmea mpya mahali penye joto na unyevu, na shina la ule wa mwavuli ni hivyo hivyo. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo watu waliyapenda kwa ua lake, yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa nchi tatu wanahangaika nayo hadi leo. Tandaza vipande vyako juani juu ya bati au saruji hadi vikauke na kuvunjika mkononi, kisha vichanganye kwenye mboji. Maji unayoyanyonya tangini yamwagie mimea ya bustanini, wala si mferejini, kwa kuwa yanaweza kuwa na vifaranga vya gapi, na gapi naye ni mgeni katika mito yetu.